Luzius Margadant, Kipa Aliyeinama (1932–2015)

Ndugu na jamaa, majirani wa Frauenkirch, na ninyi mliopanda na treni ya asubuhi kutoka mbali. Familia imenipa mimi, Barbla, binti yake wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu. Jana nilimuuliza mama niseme nini. Alikuwa anamenya viazi na hakuinua kichwa. "Sema yalivyokuwa," aliniambia. "Usimfanye shujaa. Alikuwa anaogopa, na watu wote watakaokuja wanajua."

Marehemu Luzius Margadant, ambaye wengi mlimwita Luzi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 katika bonde la Sertig. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Hans Margadant na Bi. Anna, binti wa ukoo wa Jost. Dada yake, shangazi Menga, amekaa hapa mbele kwenye benchi la kwanza, na kama nitakosea jambo atanisahihisha kwa sauti, kama kawaida yake.

Alasiri moja ya Februari 1942, akiwa hajatimiza miaka kumi, marehemu alikuwa kwenye banda la ng'ombe akisaidia kukamua. Theluji ilikuwa imeanguka kwa siku nyingi, na sasa ilikuwa imetulia. Shangazi Menga anasema hakusikia mngurumo wowote. Alichoona ni milango ya nyumba ikifunguka yenyewe kwa upepo. Alipochungulia dirishani, banda halikuwepo tena.

Baba alikuwa chini yake, amefukiwa na theluji iliyoporomoka kutoka mlimani. Theluji ilimjaa mdomoni na puani, na mikono yake ilibanwa kifuani. Alituambia habari hii mara moja tu maishani. Alisema mate yalimtoka mdomoni, na badala ya kuteremka kidevuni yakampanda puani, ndipo akajua kwamba amelala kichwa chini. Aliwasikia watu wakitembea juu yake. Alimsikia baba yake akitoa amri, akataja hata jina lake. Akapiga kelele mpaka koo likakauka. Hawakumsikia. Theluji hupitisha sauti ya walio juu, lakini ya aliye chini inabaki naye.

Babu alichimba kwanza mahali alipomsikia ng'ombe akilia. Ng'ombe akatolewa mzima, akapelekwa nyumbani, akafunikwa blanketi. Baba alitolewa baadaye, mguu wa kushoto umevunjika na uso umegeuka rangi ya buluu. Miaka yote iliyofuata babu alipenda kulitania jambo hilo mezani. "Ng'ombe aliita," alikuwa akisema, "wewe ukanyamaza. Ningefanyaje?" Wageni walicheka, na baba alicheka pamoja nao. Lakini tangu siku ile hakuweza kuvumilia kitu chochote kumjia usoni, liwe tawi, mpira au hata kitambaa cha mama yake alipotaka kumfuta pua.

Baada ya mkasa huo familia iliteremka na kuhamia hapa Frauenkirch, na marehemu akamalizia masomo yake kwenye shule ya kijiji. Hakuwa mbaya darasani na hakuwa hodari sana. Mguu wake ulipona mfupi kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo watoto walipocheza hoki kwenye bwawa lililoganda walimweka golini, mahali wanapowekwa wasioweza kukimbia. Hapo wakagundua jambo. Luzi hakufungika. Mkono wake ulikuwa unakifikia kile kisahani cha mpira wanachokipiga kwa magongo kabla wao hawajajua kimeelekea wapi. Mwalimu alidhani ni kipaji. Baba mwenyewe alisema ni woga mtupu. "Wenzangu walisubiri waone kinakwenda wapi," aliniambia. "Mimi sikuwa na moyo wa kusubiri."

Mwaka 1948 aliingia kujifunza kazi kwa Mzee Taverna, fundi wa matandiko ya farasi, kule Davos Dorf. Alishona hatamu, mikoba ya mgongoni, mikanda ya viatu vya kutelezea na mifuko ya kulishia farasi, ile ya shayiri inayofungwa mdomoni. Mzee Taverna alipostaafu, karakana ikawa ya baba, na harufu ya ngozi na nta ikawa yake mpaka uzeeni. Wakati huohuo aliitwa kwenye timu ya mji akiwa kipa wa akiba. Kipa wa kwanza alikuwa rafiki yake Reto Sprecher, mtu mrefu, mcheshi, aliyesimama golini mikono imening'inia kama mtu anayengojea basi. Baba alipenda sana kuwa wa akiba. Alikaa benchini amefunga blanketi miguuni, akamwombea Reto afya njema kwa moyo wote.

Sasa nifike kwenye Kombe. Mnajua kwamba kila mwaka, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, timu za nje hupanda hapa kucheza na yetu, na mji mzima huacha kazi. Siku hizo uwanja ulikuwa wazi juu, barafu ni ya Mungu mwenyewe, na makipa wote, wetu na wa wageni, walisimama nyuso wazi. Mwaka 1957, katika mechi ya tarehe 29 Desemba, kisahani kilidunda kwenye gongo la mchezaji mwenzake na kumpata Reto usoni. Alibebwa kwenye machela. Baba aliingia golini dakika za mwisho, na kwa bahati hakuna aliyepiga tena. Tulishinda. Ilibaki mechi ya mwisho na timu ya Wasweden, saa nane mchana, siku ya kufunga mwaka. Kwa hesabu ya pointi, hata sare ingetupa Kombe.

Asubuhi ya siku hiyo alikuja karakanani msichana aliyewahi kuleta pale mkoba wake ushonwe. Jina lake Nesa Buol, ambaye baadaye angekuwa mama yetu, mhudumu wa hospitali moja ya wagonjwa wa mapafu huko juu ya mji, alikolazwa Reto. Mama amenisimulia maneno yao mara nyingi, hata nayajua kwa moyo.

"Ni wewe utakayecheza leo?" aliuliza.

"Wanasema hivyo."

"Basi nakuambia kitu nilichokatazwa kukisema. Jicho la Reto lilikuwa limekufa. Daktari amelitoa."

Baba aliketi juu ya rundo la ngozi.

"Kocha anajua?"

"Alikuwepo."

Hapo baba aliinuka, akafungua sanduku la chini ya meza, akatoa kitu ambacho hakuwahi kumwonyesha mtu. Ilikuwa barakoa ya ngozi nene ya shingo ya fahali, aliyoichemsha na kuikandamiza juu ya gogo alilolichonga umbo la uso wake. Ilikuwa na matundu mawili ya macho na mpasuo wa kupumulia. Alikuwa ameivaa mara chache tu, peke yake, akiurushia ukuta wa karakana mpira ili umrudie.

Mama akamwambia aivae. Akaivaa. Mama akachukua gongo la kulainishia ngozi akampiga nalo kwenye paji la uso.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Imeuma?"

"Kidogo."

"Basi nenda nayo."

Kocha wa wakati huo alikuwa Bwana Gaudenz Wieser, marehemu pia. Hakuwa mtu mbaya. Alipoiona ile barakoa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, aliishika kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini?"

"Cha uso."

"Luzi, nje kuna maelfu ya watu. Unataka waseme tumeweka farasi golini?"

"Waseme."

"Huwezi kuona miguuni mwako na kitu hiki."

"Naona."

"Sikiliza, kijana. Kipa akificha uso anawaambia wapinzani kwamba anaogopa."

"Ndiyo, kocha. Naogopa."

Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mle ndani, na wale vijana walitazama viatu vyao kana kwamba baba amevua nguo zote.

"Reto hakuwahi kusema hivyo," kocha alisema kwa upole.

"Reto ametolewa jicho."

Beki mmoja aliyekuwa akikaza kamba aliinua uso. "Nani katolewa jicho?"

Kocha alimtazama baba, kisha akawatazama wengine. "Ningewaambia baada ya mchezo," alisema.

"Kwa nini baada?" aliuliza yule beki.

"Kwa sababu mngejua mapema, mngetoka hapa mkiwa kama mlivyo sasa."

Na kweli, mmoja wao alikuwa amekaa ameshika macho yake yote mawili kwa viganja. Nje watu walikuwa wanapiga miguu kwenye mbao za jukwaa, na vumbi la dari likawa linawaangukia mabegani. Kocha Wieser alimrudishia baba barakoa.

"Vaa," alisema. "Nani mwingine ninaye?"

Theluji ilianza kuanguka walipokuwa wakitoka. Kwa muda mfupi watazamaji walishangaa tu. Halafu mtu mmoja wa jukwaa la chini akapaza sauti, "Jamani, Luzi kasahau kuvua mfuko wa shayiri," na wengine wakaanza kulia kama farasi. Kilio kilizunguka uwanja mzima. Watu waliokuwa wateja wake, ambao alikuwa amewashonea hatamu, walikunja midomo na kulia kama farasi. Baba alisema ndani ya ile ngozi alisikia pumzi yake mwenyewe kuliko kitu kingine chochote, na pumzi hiyo aliifahamu. Aliwahi kuisikia chini ya banda.

Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Katika kipindi cha pili mshambuliaji wa Wasweden aitwaye Torsten Hallgren, mtu mpana, mwenye mikono kama ya mkata magogo, alipata nafasi karibu sana na goli. Baba hakukiona kisahani. Aliona gongo likipanda, kisha akajikuta amelala chali, theluji inamwangukia machoni. Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka tundu la jicho la kulia mpaka kidevuni, na damu ya pua ilikuwa inatoka kwenye mpasuo. Farasi wote walikuwa wamenyamaza. Hallgren alikuwa amepiga magoti kando yake, gongo lake amelitupa.

"Unaona?" aliuliza kwa Kijerumani chake cha kuungaunga. "Unaniona?"

"Nakuona," baba alisema, "na sikupendi."

Hallgren akacheka huku machozi yanamtoka, akamwinua.

Jicho lilikuwa zima. Barakoa ndiyo iliyokwisha. Wakati wa mapumziko baba alijifungia chooni akatapika supu ya shayiri aliyokula asubuhi. Kocha Wieser alisimama nje ya mlango.

"Zimebaki dakika ishirini, mwanangu."

"Najua."

"Sina mtu mwingine."

"Najua, kocha."

Miaka mingi baadaye mama alimuuliza kwa nini alirudi uwanjani siku ile uso ukiwa wazi, baada ya kujua aliyoyajua. Jibu lake lilikuwa fupi. "Wenzangu walikuwa wanatoka mlangoni, nami nikatoka nao."

Kipindi cha tatu theluji iliongezeka kiasi kwamba mistari ya barafu ilifutika na kisahani kilikuwa kinatokea ghafla kutoka kwenye weupe. Baba alikipangua kwa gongo, kwa magoti, kwa kifua. Meno yalikuwa yanagongana mpaka beki wake akayasikia akadhani ni baridi. Ilikuwa bado sare, bila bao, na watu wa jukwaani walikuwa wameanza kukumbatiana. Mechi ikiwa karibu kwisha, Hallgren akatokea peke yake upande wa kushoto.

Baba aliliona gongo likipanda. Safari hii alikiona na kisahani, kikitoka, kikinyanyuka, kikikua, kikimjia katikati ya macho. Alikuwa na wakati wa kuinua mkono. Alisema wazi kwamba wakati alikuwa nao. Akainama.

Kisahani kilipita mahali paji lake la uso lilipokuwa, kikaingia wavuni.

Hakuna aliyelia kama farasi. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya jukwaa la wahudumu wa hospitali, anasema alisikia theluji ikitua kwenye kofia yake. Mechi iliisha hivyo, bao moja kwa bila, na Kombe likaondoka na Wasweden kwa treni ya kesho yake.

"Uliinama," kocha Wieser alimwambia chumbani.

"Niliinama."

"Mkono ulikuwa huru."

"Ulikuwa huru."

"Sasa kwa nini, Luzi?"

"Kilikuwa kinakuja usoni."

"Kazi ya kipa ndiyo hiyo."

"Basi mimi si kipa," baba alisema. Akaacha vifaa vyote pale sakafuni, akatembea kwa miguu mpaka Frauenkirch, na kengele za Mwaka Mpya zilipopigwa alikuwa jikoni kwa mama yake ameinamia meza.

Januari ile ilikuwa ngumu. Wenye farasi walipeleka hatamu zao kwa fundi wa Klosters. Barabarani watu wazima walikohoa alipopita na watoto walilia kama farasi. Asubuhi moja alikuta mfuko wa shayiri umening'inizwa kwenye mlango wa karakana. Aliuchukua, akaenda kumpa farasi wa mkokoteni wa maziwa, akarudi kazini. Lakini shangazi Menga anasema mdogo wake aliacha kula mkate mbele ya watu. Alikuwa akingoja wote watoke mezani kwanza.

Katikati ya mwezi Reto Sprecher alitoka hospitali. Hakwenda kwao. Alikuja moja kwa moja karakanani, jicho limefungwa kitambaa cheusi, akasogeza kiti mpaka kwenye dirisha la barabarani, akaketi mahali kila mpita njia angemwona. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku moja mzee mwenye hoteli aliingia kudai kiatu chake, akasimama kumtazama.

"Reto, kweli wewe unakaa na huyu?"

"Nakaa."

"Aliyetupotezea Kombe kwa kuinama?"

"Na mimi kama ningeinama," Reto alisema, "sasa hivi ningekuwa nakutazama kwa macho mawili."

Yule mzee alilipia kiatu na kutoka. Reto aliendelea kukaa pale dirishani mpaka theluji ikayeyuka.

Majira ya kuchipua mlango ulifunguliwa na kocha Wieser, kofia mkononi. Alikuwa na mwanawe, ambaye alikuwa ameanza kusimama golini kwenye timu ya watoto. Kocha alimsukuma kidogo mbele.

"Mpimie huyu," alisema.

Baba alichukua utepe akampima mtoto yule, kutoka sikio hadi sikio na kutoka paji hadi kidevu. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyedai kuombwa. Mtoto alipofumba macho utepe ulipomgusa, baba alisema, "Fumba tu, hata mimi hufumba." Tangu mwaka huo mpaka viwanda vilipoanza kuleta barakoa za plastiki, makipa wengi wa bonde hili walivaa ngozi ya baba yetu.

Tarehe 23 Mei 1959, katika kanisa hilihili, marehemu alifunga ndoa na Nesa Buol. Babu wa upande wa mama hakufurahi. "Yaani unaolewa na Mfuko wa Shayiri?" alimuuliza. "Naolewa na mwanaume atakayerudi nyumbani," mama alimjibu. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1960 na Hansjörg mwaka 1963.

Kuwa watoto wake hakukuwa rahisi, na mama amesema niseme yalivyokuwa. Theluji ikianguka siku mbili mfululizo, baba alianza kutembea kutoka dirisha moja hadi lingine. Alikuwa akiweka kiganja ukutani, upande wa mlima, kama anayepima homa. Halafu alisema, "Vaeni." Hatukuwa na ruhusa ya kuuliza. Siku moja ilikuwa sikukuu yangu ya kuzaliwa, wageni wameshaketi, keki ya kokwa za jozi iko kwenye jiko. Akasema, "Vaeni." Tuliondoka na watoto wa majirani na mama zao, tukateremka wote kwa shangazi Menga mjini, mimi nikilia kwa aibu njia nzima. Ninakumbuka nilimgeukia nikaona uso wake. Hapo nikaacha kulia, kwa sababu niliogopa zaidi kumwona baba yangu namna ile kuliko kuchekwa na wenzangu. Keki iliungua. Mlima haukushuka. Haukushuka siku ile wala siku nyingine yoyote, na nyumba ile ipo mpaka leo, mmepita mbele yake mkija.

Hansjörg alipofikisha umri wa kubishana alimkabili. "Baba, miaka yote hii unatuhamisha. Umewahi kupatia hata mara moja?"

"Bado," baba alisema. "Na naomba isitokee."

Kombe hakuliacha. Kila Desemba alikwenda na Reto, wakasimama nyuma ya goli. Kisahani kilipopanda juu baba aliinama, hata baada ya kuwekwa kioo kinene mbele ya watazamaji, na vijana waliokuwa karibu waliangua kicheko. Reto alikuwa akiwaambia, "Mwacheni, anainama kwa niaba yangu pia." Reto alitangulia mwaka 2003, na baba aliendelea kwenda peke yake.

Mwishoni mwa mwaka 2013 marehemu alianza kukosa hamu ya chakula na kupungua uzito. Madaktari walitaka aingizwe kwenye ile mashine yenye umbo la bomba inayopiga picha za ndani ya mwili. Alipoiona alishika fremu ya mlango na hatukuweza kumbandua. Muuguzi alimwambia ni muda mfupi tu. "Ndivyo walivyosema na wale waliokuwa juu ya theluji," alimjibu, na yule muuguzi hakuelewa. Mwishowe mama alivua saa na pete, akaomba ruhusa ya kukaa ndani ya chumba, akakishika kisigino chake muda wote. Tulimsikia kutoka nje, kwenye kelele za mashine, akiuliza tena na tena, "Nesa, upo?" Na mama, kila mara, "Nipo, Luzi."

Picha zilionyesha uvimbe tumboni uliokuwa umeshaenea. Alitibiwa kwa mwaka mmoja, mara nyingi nyumbani, kwa dawa za kupunguza maumivu. Krismasi iliyopita hakuweza kwenda uwanjani. Mchungaji wetu Flurina, aliye hapa, alimtembelea mara nyingi. Amenipa ruhusa kusema walichoongea wiki ya mwisho. Alimuuliza kama anaogopa.

"Sana," baba alisema. "Na wewe, siku yako ikifika?"

"Nadhani nitaogopa."

"Basi kaa kidogo, usiende."

Mchungaji alikaa mpaka chai ikapoa.

Marehemu alifariki nyumbani kwake hapa Frauenkirch, Jumapili tarehe 11 Januari 2015, kabla ya chakula cha mchana. Nitakuwa mwongo nikisema alikwenda kwa utulivu. Alikuwa amefumbua macho na alitushika mikono kwa nguvu kiasi kwamba alama za kucha zake bado zipo kwenye mkono wa Hansjörg. Lakini hakuwa peke yake, na kila alipouliza kama tupo, alijibiwa.

Ameacha mke, Nesa, dada, Menga, watoto wawili, Barbla na Hansjörg, mkwe, Ladina, wajukuu Seraina, Curdin na Gian-Reto, na kitukuu mmoja ambaye bado hajapewa jina. Ameacha pia vijana wengi waliozeeka na nyuso zao zikiwa nzima.

Kuna ombi moja kabla hatujatoka. Mwezi uliopita baba aliniita akaniambia jambo linalomsumbua zaidi ya maumivu. Hakuogopa hukumu wala giza. Aliogopa ule udongo wa kaburini. Nilimuuliza tufanye nini, na akafikiri kwa muda, akanieleza. Kwa hiyo nawaomba, tukifika kaburini, msitupe. Kila mmoja achukue udongo kidogo kwa mkono, apige magoti kama anaweza, auweke taratibu upande wa miguu. Tutaanzia miguuni tupande polepole, na upande wa uso tutaufikia mwisho kabisa, mimi na mdogo wangu Hansjörg, kwa mikono. Baridi ni kali na itachukua muda mrefu. Supu ipo moto nyumbani, itatungoja.

Mungu ampe baba yetu Luzius pumziko lisilo na hofu.